Shangazi wa Mwindo na Familia za Ajabu za Riwaya za Kichina

Mtoto alikuwa bado tumboni alipoanza kumsaidia mama yake kazi za nyumbani. Nyamwindo, mke kipenzi wa mtemi Shemwindo wa Tubondo, alikuwa amebeba mimba isiyotaka kwisha. Wake wenzake walikuwa wamekwisha kujifungua, wote mabinti, kama mume wao alivyoagiza, yeye bado. Lakini kila alipowaza kuni, alizikuta zimelazwa mlangoni. Alipowaza maji, yalimjia. Siku mtoto alipoamua kutoka, hakupita njia ya watoto wengine: alitokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, anatembea, anasema, anacheka, na mkononi ameshika usinga. Baba yake alikuwa amepiga marufuku watoto wa kiume katika mji wake. Akamrushia mkuki, ukakosa. Akarusha tena na tena. Akamzika, mtoto akarudi. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma ikakataa kuzama, ikaelea huku mtoto akiimba humo ndani kwamba anakwenda kwa shangazi yake.

Kijana wa Keshero, mtaa wetu hapa Goma, anayesoma riwaya za Kichina kwenye simu akisikia hayo atadhani ni sura ya kwanza ya riwaya aliyokwisha kuiona mahali. Mtoto mwenye nguvu zisizoelezeka, baba mwoga, jamaa wa ajabu ajabu wanaojitokeza kumlea, na vituko kila ukurasa: hayo ndiyo mapishi ya riwaya hizo. Lakini huyu ni Mwindo, na kwao ni Walikale, upande ule inakoelekea barabara yetu ikishapita Sake na Masisi. Utendi wake ulisimuliwa kwa Kinyanga mwaka 1956 na Candi Rureke, kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku mwanaanthropolojia wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika. Mwaka 1969 ulichapishwa California, Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu Kahombo Mateene.

Swali langu ni hili. Kwa nini hadithi za miujiza zenye kuchekesha, za China na za kwetu, hupenda sana familia zilizokaa upande: mtoto bila baba, baba bila adabu, mama wa kambo, mlezi asiye ndugu? Na kwa nini zinahitaji kicheko ili zikubalike? Jibu langu nalitoa mapema. Hadithi hizi zinapima uzazi kwa ulezi. Zinauliza nani alikupa chakula, nani alikuficha, nani alisimama upande wako mbele ya wakubwa. Kumuuliza hivyo baba aliyekaa kwenye kiti chake ni hatari, na kicheko ndicho kinachompa msimulizi ruhusa ya kuuliza.

Tuanze na China, kwa sababu huko aina hii ya hadithi imegeuka kiwanda. Jukwaa la Qidian lilianzishwa mwaka 2002, na mwaka uliofuata likaanza kutoza wasomaji sura za mbele kwa senti chache. Mwandishi hulipwa kwa wingi wa maneno na kwa idadi ya wanaolipia, hivyo huandika kila siku, wakati mwingine sura mbili au tatu kwa siku, kwa miaka. Leo wasomaji wa riwaya za mtandaoni nchini China wanapita milioni 500. Nje ya China zilienea kwanza kwa mikono ya mashabiki waliozitafsiri, kama wale wa Wuxiaworld kuanzia 2014, kisha kampuni yenyewe ikafungua Webnovel mwaka 2017. Kwetu zinafika kwa Kifaransa na Kiingereza, na kwa picha pia: katuni, tamthilia, na siku hizi michezo mifupi ya simu, kila kipande dakika moja au mbili. Maandishi yana nafuu yake. Sura nzima hula mega chache sana, na mahali ambapo mega hununuliwa kidogo kidogo, hilo ni jambo kubwa.

Miundo inayorudiwa ndani yake inajulikana. Mfanyakazi wa ofisini anakufa kwa uchovu, anazinduka ndani ya riwaya aliyokuwa akiisoma, katika mwili wa mama wa kambo mkatili ambaye watoto wake watakuja kuwa majambazi na kumuua. Afanye nini? Anaingia jikoni. Anapika, anashona nguo, anawakogesha wale majambazi wa kesho, na kila sahani ya tambi inakuwa juhudi ya kuokoa roho yake. Au mzee aliyejitenga mlimani miaka 300 akitafuta kuwa asiyekufa anaachiwa kichanga mlangoni, na elimu yake yote ya mbinguni inashindwa na nepi. Au kuna shule ya wapiganaji maskini, paa linavuja, mwalimu mlevi, wanafunzi watano waliookotwa sehemu tano, nao wanaitana kaka mkubwa, dada wa tatu, mdogo wetu wa mwisho, kwa uzito ule ule wa ndugu wa tumbo moja.

Ukitaka kujua kiu hii imetoka wapi, angalia nyumba za wasomaji wenyewe. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015, serikali ya China iliwabana wenye ndoa, hasa wa mijini, wazae mtoto mmoja. Aliyezaliwa chini ya sheria hiyo mara nyingi hana kaka wala dada. Akioana na mwenzake wa hali hiyo, watoto wao hawana shangazi, hawana mjomba, hawana binamu wa karibu. Wakati huohuo mamilioni ya watoto wa vijijini walibaki na bibi na babu huku wazazi wakifanya kazi viwandani Guangdong na kwingineko. Riwaya inawapa wote hao walichokosa: meza iliyojaa watu wanaogombania kipande cha nyama.

Kivu iko kinyume kabisa. Hapa hatujakosa ndugu, tumetawanywa nao. Nyumba moja ya Keshero inaweza kuwa na mama wa nyumba, watoto wake, watoto wa marehemu dada yake, binti wa jirani wa zamani aliyekuja kutoka Masisi akiwa na nguo alizovaa, na bibi ambaye udugu wake na wenye nyumba hakuna anayeukumbuka vizuri. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, watu walilala kwa watu wasiowajua. Vita vilipofika Sake mwanzoni mwa 2024, magharibi ya mji, toka Mugunga hadi Lac Vert, kulijaa mahema. Mwaka 2025 Goma ikachukuliwa na waasi mwishoni mwa Januari, na mwezi uliofuata kambi za Bulengo na Lushagala zikaachwa tupu. Wengine walirudi kwao, wengine wakaingia ndani ya nyumba za mitaa kama huu wetu. Mchina anasoma kuhusu familia ya kuokotana kwa sababu hana watu. Mtu wa Keshero anaisoma kwa sababu ndiyo aliyo nayo, na hakuna kitabu kilichompa heshima yake.

Sasa tumlinganishe Mwindo na mwenzake wa China, maana wanafanana kiasi cha kushangaza. Nezha anasimuliwa kwa kirefu katika Fengshen Yanyi, riwaya ya karne ya 16. Mama yake alimbeba miaka mitatu na miezi sita. Akazaliwa donge la nyama. Baba yake, jemadari Li Jing, akalipasua kwa upanga, na mtoto akaruka nje akiwa na silaha zake. Baadaye akamuua mwana wa tatu wa Mfalme wa Majoka, na ili wazazi wasiadhibiwe kwa kosa lake, akaukata mwili wake mwenyewe: nyama na mifupa akawarudishia waliompa. Mama akamjengea roho yake hekalu kwa siri. Baba akalibomoa. Mwalimu wake, Taiyi, akamtengenezea mwili mpya kwa maua na majani ya yungiyungi, na Nezha mpya, asiyedaiwa tena hata tone la damu, akaanza kumfukuza baba yake ili amuue.

Mwindo naye alitengenezwa upya. Wajomba zake Baniyana, ambao ni popo na wahunzi, walimfua na kumvika chuma mwili mzima, kichwa hadi miguu. Naye pia alimfukuza baba. Na hapa utendi unachekesha kwa makusudi. Mtemi mwenye wake saba anamkimbia mtoto aliyezaliwa juzi. Anazama kuzimu, anajificha kwa Muisa. Akigunduliwa anahamia kwa Ntumba, muhanga mwenye mapango. Kisha anakimbilia kwa Sheburungu, na Mwindo anacheza naye mchezo wa bahati hadi anamshinda kila kitu alicho nacho, pamoja na yule baba. Hakuna hotuba inayoweza kumshusha baba mkatili kuliko safari hiyo ya aibu.

Kicheko kingine kiko kwa Kasiyembe, mlinzi wa nyumba ya shangazi, aliyemchimbia Mwindo mashimo yenye miti iliyochongwa. Buibui akamtandia Mwindo daraja juu ya mashimo, naye akacheza ngoma juu yake. Kisha Mwindo akazitia moto nywele za Kasiyembe. Watu wakakimbilia mitungi, haina maji. Wakakimbilia migomba, imekauka. Wakasema basi tumtemee mate, na mate yakawa yamekauka vinywani. Hii ni sanaa ya hali ya juu ya kuchekesha: jambo dogo linapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi halina tena pa kupanda. Waandishi wa Qidian wanaifanya kila siku na wanalipwa. Rureke aliifanya kwa mwili wake wote mbele ya watu waliomwitikia.

Tofauti kubwa kati ya watoto hawa wawili iko mwishoni. Katika riwaya ya kale ya Kichina, ugomvi wa Nezha na baba yake unazimwa kwa nguvu: Li Jing anapewa mnara wa kichawi unaomfunika mtoto na kumchoma kila akiasi, mpaka anakubali kupiga magoti na kumwita baba. Amani inapatikana kwa sababu mmoja ana silaha. Katika utendi wa Mwindo, baba anarudishwa mjini, anaketishwa, anakiri makosa yake mbele ya watu wote, na mtoto anakataa kumlipiza. Nauhesabu mwisho huu kuwa mkubwa kuliko ule, na China yenyewe ni kama imeukaribia mwendo wa Walikale baada ya miaka mia nne. Filamu ya katuni ya Ne Zha, iliyoongozwa na Jiaozi na kutoka Julai 2019, ilimgeuza Li Jing kuwa baba anayetafuta kwa siri namna ya kufa badala ya mwanawe. Mwalimu Taiyi akawa mnene, mlevi, anapanda nguruwe. Mama akawa shujaa wa vita anayekosa nafasi ya kucheza na mtoto wake mpweke, na akipata nafasi hiyo anacheza akiwa na deraya yake. Watu wakacheka, wakalia. Filamu ya pili, ya Januari 2025, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani, kiasi ambacho hakuna katuni yoyote ya sinema iliyowahi kukifikia. Watazamaji walikuwa na njaa ya kumwona baba anayebadilika.

Babu wa kicheko hiki cha Kichina ni kitabu cha Safari ya Magharibi, toleo lake la mwanzo linalojulikana likiwa la mwaka 1592. Watu hukiita kitabu cha dini au cha vita. Mimi nakisoma kama kitabu cha familia moja njiani: mtawa anayelia haraka, tumbili aliyezaliwa na jiwe, nguruwe mlafi, jitu la mtoni, na farasi ambaye kwa kweli ni mwana wa joka. Katika sura ya 53, mtawa na nguruwe wanakunywa maji ya mto uliomo katika nchi ya wanawake peke yao, nao wanapata mimba. Nguruwe anapiga yowe akiuliza mtoto atatokea wapi. Kisha kuna mkasa wa Mfalme Fahali, aliyeacha mke mkubwa nyumbani na kuhamia kwa mke mdogo mwenye mali, mbweha aliyejigeuza binti. Tumbili, ndugu yake wa kiapo, anakwenda kwa shemeji kuazima upepeo wa kuzima mlima unaowaka, lakini shemeji hana hamu naye, kwani ndiye aliyesababisha mwanawe achukuliwe na mungu wa huruma akawe mtumishi. Mke mkubwa, mke mdogo, shemeji, mtoto aliyepelekwa kwa watu: hiyo ni kesi ya baraza la ukoo. Na hapa Goma, tunapolala na Nyiragongo juu ya paa zetu, upepeo wa kuzima mlima hauhitaji maelezo.

Lakini kama ningeambiwa nichague riwaya moja ya mtandaoni ya kumpa msomaji wa Keshero, ningempa Mo Dao Zu Shi ya mwandishi anayejiita Mo Xiang Tong Xiu, iliyotoka kwa sehemu katika jukwaa la Jinjiang kuanzia 2015. Kiini chake ni mapenzi ya wanaume wawili, na ndiyo maana tamthilia yake ya 2019 iliyageuza kuwa urafiki. Wapo watakaoiacha kwa sababu hiyo. Mimi naisomea kilima. Ukoo wa Wen umeshindwa vitani, na waliosalia, wazee, wagonjwa, wanawake, wanasakwa kwa makosa ya wakubwa wao. Wei Wuxian, kijana mchawi asiye na kwao tena, anawatorosha hadi kilima cha maiti ambako hakuna anayethubutu kukaa. Huko wanaanzisha maisha. Yeye anataka walime viazi. Daktari wao, Wen Qing, anaamuru figili, kwa sababu figili hazisumbui. Mlinzi wao ni maiti iliyorudishwa uhai, mpole kuliko wote. Na katikati yao kuna mtoto mmoja tu, A-Yuan, ambaye Wei Wuxian anampanda shambani kati ya figili, akimwambia jua na maji vitamkuza haraka.

Siku moja mtoto huyo anapotelea sokoni, anang'ang'ania mguu wa bwana mmoja mtukufu, mnyamavu, aliyevaa nyeupe tupu, na kulia. Wapita njia wanamshutumu yule bwana: wewe ni baba gani, mtoto analia nawe unasimama tu? Naye, asiyejua hata kujitetea, anaishia kumnunulia vitu vya kuchezea. Ni mzaha wa kurasa chache. Ila mwandishi anajua anachofanya, kwa sababu kilima kile kitashambuliwa, karibu wote watauawa, na yule bwana wa nguo nyeupe ndiye atakayemwokota mtoto akiwa na homa na kumlea katika ukoo wake. Mzaha wa sokoni ulikuwa umekwisha kumtaja baba.

Aliyepita Bulengo wakati mahema yamejaa hahitaji kuambiwa kile kilima ni nini. Alichofanya mwandishi huyu ni kukataa kuwaandika wakimbizi kama watu wa kuonewa huruma peke yake. Wanabishana kuhusu mboga. Wana mtoto mtundu. Ripoti za mashirika kuhusu watu wetu zina hesabu za vyoo na lita za maji, na hesabu hizo ni za lazima. Lakini kicheko cha jioni kilichokuwa ndani ya yale mahema hakiandikwi popote, nacho ndicho kilichofanya watu wasiojuana wawe nyumba moja.

Hadhira ya Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba iko tayari. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou iliingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC ya Tanzania. Doudou ameolewa na mtu ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, hivyo ana mama wakwe wawili wa kuridhisha kwa wakati mmoja. Tanzania ilicheka, na Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Haikuwa na uchawi hata kidogo, lakini familia iliyovunjika na kuungwa upya ilieleweka bila mkalimani wa mila. Hata kabla ya hapo, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Derek Gaspar Mukandala kwa jina lake, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwavika wahusika tabia za watu wa mtaani kwake. Uganda wana wasimulizi wao wa namna hiyo, mavijei. Ng'ambo ya mpaka wetu, Gisenyi, watu wanaziita filamu hizo agasobanuye. Hadithi ya mbali ikipata msimulizi wa karibu inakuwa yetu ndani ya wiki.

Hata hivyo sitaki riwaya hizi zinunuliwe kwa jumla. Nyingi ni mbovu, na ubovu wake unatokana na namna zinavyolipwa. Anayelipwa kwa wingi wa maneno hufufua adui aliyekufa ili apate sura mia nyingine. Mama mzazi huuawa mapema mno ili mtoto awe huru kuwa shujaa. Hilo limekuwa zoea la uvivu. Watoto ni werevu wa kukera, wana miaka minne na wanazungumza kama mawakili. Na tatizo la njaa hutatuliwa na baba tajiri anayejitokeza na gari jeusi, jambo ambalo kwa msomaji anayehangaikia unga wa kesho ni udanganyifu. Upande wa wanawake ndio unaoniudhi zaidi: mke mwenza huandikwa kama nyoka ili mke kipenzi aonekane njiwa. Rureke, mtu wa kijiji cha msituni mwaka 1956, hakufanya hivyo.

Na hapa namrudia yule shangazi, Iyangura, dada wa Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, nyoka wa majini. Wachambuzi hutumia kurasa nyingi kwa Mwindo na chache kwake. Naona ni kinyume. Yeye ndiye ambaye mtoto anamwimbia toka ndani ya ngoma. Yeye ndiye anayemwonya kuhusu mitego ya nyumba yake mwenyewe. Anaacha ndoa yake ya majini kwenda naye Tubondo, akimuaga mume. Mwindo anapoteremka kuzimu kumtafuta baba, anamwachia shangazi ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue amekufa. Siku zote hizo Iyangura ameketi ameishika. Baba anaporudishwa, ni yeye anayemkemea kaka yake hadharani kwa kubagua watoto wake. Na mwisho wake, viti vya shaba vinateremshwa, wanaketi watatu: Mwindo katikati, baba upande mmoja, shangazi upande wa pili. Mji ule hautawaliwi na baba na mwana pekee. Aliyelea ana kiti.

Sheria yetu imechelewa kufika alipofika Rureke. Shemwindo anataka kumuua mtoto kwa sababu ni mvulana na amezaliwa vibaya. Siku hizi, Kongo, mtoto anayesema mapema mno, anayeota sana, mwenye ulemavu au aliyefiwa na wazazi, huitwa mchawi na kufukuzwa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Imo katika gazeti la serikali, kwa Kifaransa. Ni wangapi wameisoma? Utendi uleule ungemfikia bibi wa Keshero kwa saa moja ya kucheka, kwa sababu unamchukua mtoto anayetisha kuliko wote, anayetoka kidoleni akiwa na usinga, na kuonyesha kwamba aliyekuwa na makosa ni mwenye mkuki.

Ninachoomba kinawezekana. Kitabu cha 1969 kiko kwa Kinyanga na Kiingereza, katika maktaba za mbali. Vyuo vikuu vya Goma vina wanafunzi wa isimu, na baadhi yao kwao ni Walikale; wapewe kazi ya kuuleta utendi huu katika Kiswahili, wakiwashirikisha wazee wa Kinyanga na kulitanguliza jina la Candi Rureke kabla ya jina la mtu mwingine yeyote. Na wewe unayeandika hadithi kwa simu usiku ukingoja umeme urudi, uliyejifunza kwa Wachina namna ya kukata sura mahali pa moto ili msomaji arudi kesho: tumia ufundi huo hapa. Sura fupi, mega chache, Kiswahili cha watu. Muweke popo mhunzi, muhanga mwenye mapango, Kasiyembe na nywele zake. Ila usianze na baba. Anza na mwanamke aliyeketi penye mlango wa kuzimu ameshika kamba, anayejua kwamba mtoto aliye upande wa pili hakumzaa, na ambaye hataiachia.